Kisu cha Kukunja kwa Hela ya Mawazo: Lipia Makali, Acha Madoido

Meza ya mchuuzi wa visu vya kukunja ina kelele hata mchuuzi mwenyewe akiwa kimya. Kimoja kimepakwa weusi wa kijeshi, kingine kina tochi kwenye mpini, cha tatu kimechorwa mawimbi ya chuma cha Dameski, cha nne kina meno ya msumeno na picha ya fuvu. Pembeni kabisa kimelala kisu cha mpini wa mbao na ubapa mwembamba, hakina hata skrubu moja. Bei zao zinakaribiana. Hapo ndipo mwenye hela ya mawazo anapopotea, kwa kuwa jicho hukimbilia penye vitu vingi na mkono hulifuata.

Hesabu ya kiwandani haina siri. Kisu cha bei ya chini kimeshabeba ndani ya bei hiyo nauli ya meli, ushuru, faida ya muuza jumla na faida ya mwenye meza. Kinachobaki kwa mtengenezaji ni kidogo, na kwa hicho kidogo anaweza kufanya jambo moja vizuri. Akikitumia kwenye tochi, klipu, springi ya kufyatua na rangi, chuma kitaambulia makombo. Akikitumia kwenye chuma na namna ya kukipika, mpini utakuwa kipande cha mbao na ribiti. Ushauri wangu kwa mwenye bajeti ndogo ni kutafuta kisu chenye sehemu chache kuliko vyote vilivyopo mezani. Sababu zake zinahitaji maelezo kidogo.

Tuanze na sumaku, maana imewadanganya wengi. Watu wanajua kwamba sufuria nzuri ya stenlesi haishikwi na sumaku, basi huchukua kipimo hichohicho wakaenda nacho kwenye kisu. Kwenye kisu mambo yamegeuka. Chuma cha vijiko na masufuria, kile kinachopigwa chapa ya 18/8, kina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8. Nikeli ndiyo inayokifanya kisivutwe na sumaku, na ndiyo hiyohiyo inayokinyima uwezo wa kupata ugumu kwa moto. Ukipashe mpaka kiwe chekundu, ukizamishe ghafla, kitatoka laini vilevile. Chuma cha kisu lazima kikubali matiko: kipashwe moto mkali, kipozwe kwa haraka, kisha kipashwe tena kwa joto dogo ili ugumu ushuke kidogo na kisiwe chepesi kuvunjika. Vyuma vya visu vinavyokubali kazi hiyo, viwe vya kaboni au vya stenlesi, karibu vyote hushikwa na sumaku. Kwa hiyo ukikuta ubapa unaong'aa ambao sumaku inauteleza kabisa, umeshika kijiko kilichochongwa makali. Kitapaka siagi.

Ugumu huo hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na namba yake huandikwa pamoja na herufi HRC. Kisu cha mfukoni cha kazi za kila siku kinakaa vizuri kati ya 55 na 60. Chini ya hapo makali hulala mapema: umekata kamba chache na maboksi mawili, tayari kisu kinateleza juu ya ganda la nyanya. Ukipanda sana juu ya hapo, makali hudumu lakini huingia pengo kirahisi yakigonga mfupa au msumari, na kinoo cha kawaida kinakuwa kama kinakibembeleza tu. Victorinox wa Uswisi, ambao wana uwezo wa kununua chuma chochote wanachotaka, hupika bapa za visu vyao vyekundu hadi 56 hivi. Matokeo yake ni kisu kisichovunja rekodi yoyote ya kudumu makali, ila mwenye nacho anaweza kukirudisha kwenye makali kwa jiwe lolote atakaloliokota. Kwa mtu asiye na vifaa vya kunolea vya bei ghali, hiyo ni biashara nzuri.

Neno la stenlesi likichapwa peke yake kwenye ubapa halikuambii zaidi ya kwamba chuma kina kromiamu walau asilimia 10.5. Mtengenezaji asiyekionea haya chuma chake hukitaja kwa jina. Majina hayo yanatisha kwa mara ya kwanza, ila yale ya Kichina yanasomeka kirahisi ukishajua ufunguo. Katika 8Cr13MoV, namba 8 ya mwanzo inasema kaboni ni karibu asilimia 0.8, Cr13 inasema kromiamu ni asilimia 13 hivi, na herufi za mwisho zinataja chembe za molibdenamu na vanadiamu. Sasa linganisha na 3Cr13: kaboni ni asilimia 0.3 tu. Kaboni ndiyo inayobeba ugumu wa chuma, basi kisu cha 3Cr13 hakitashika kutu upesi, ila makali yake hayatakaa. Chuma cha 420 nacho kwa kawaida kiko jirani na hicho. Nikikuta visu viwili vya bei moja, kimoja kimeandikwa 8Cr13MoV na kingine 3Cr13, sihitaji kuendelea kutazama.

Juu kidogo ya hapo kuna 12C27 na 14C28N, vyuma vya Sweden vilivyotoka kwa Sandvik, kampuni ambayo tawi lake la vyuma lilijitenga na sasa linaitwa Alleima. Hivi vina kaboni ya karibu asilimia 0.6, lakini vimetengenezwa mahususi kwa ajili ya makali membamba, na vikipikwa vizuri hushinda vyuma vyenye majina makubwa zaidi. Halafu kuna D2, ambacho viwanda vya China vimekimwaga sana kwenye visu vya bei ya kati. D2 ni chuma cha kutengenezea vifaa vya kukatia na kubonyezea chuma kingine kiwandani, chenye kaboni asilimia 1.5 na kromiamu asilimia 12. Makali yake hudumu kweli. Shida ni mbili. Kukinoa kwa kinoo cha kawaida kunataka moyo wa subira, na licha ya kromiamu yote hiyo si stenlesi kamili, kwa sababu sehemu kubwa ya kromiamu imeshikamana na kaboni ndani ya chuma na haibaki huru kuzuia kutu. Anayeishi Lamu au Tanga, ambako hewa yenyewe ina chumvi, ataona madoa kabla hajakizoea kisu.

Vyuma vya kaboni visivyo na kromiamu ni ulimwengu mwingine, na mimi nina upendeleo navyo ambao sitauficha. Hupokea matiko bila matatizo, hunoleka kwa dakika chache, na makali yake huwa na ule mkwaruzo mdogo unaoshika ganda la tunda badala ya kuteleza juu yake. Gharama yake ni uangalizi. Ndimu, embe bichi na nyanya vitauacha ubapa na rangi ya kijivu, baadaye nyeusi. Rangi hiyo haina ubaya, hata inasaidia kidogo kupunguza kasi ya kutu. Cha kuogopa ni wekundu. Ukikikausha kila baada ya kazi na kukipaka mafuta ya kula kwa kidole, kitakutumikia miaka. Wakazi wa Njombe au Nakuru wanaweza kununua cha kaboni bila wasiwasi. Wa pwani, wavuvi hasa, wachukue stenlesi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo muuzaji hatalitaja hata ukimwuliza: unene. Watu wengi wanaamini kwamba ubora wa chuma ndio unaokata. Chuma kizuri huyafanya makali yadumu, lakini kinachokata ni umbo. Chukua kisu chenye ubapa wa milimita 3.5 na kingine cha milimita 1.7, vyote vimenolewa mpaka vinanyoa nywele za mkono. Kata karatasi, hutaona tofauti. Kata karoti nene au muhogo mbichi. Kile chembamba kitapita mpaka chini. Kile kinene kitaingia nusu, halafu kitasimama, ukisukuma karoti itapasuka kwa kishindo na kipande kitarukia kwa jirani. Hicho kimefanya kazi ya kabari, na kwa kabari kuna shoka.

Cha kutazama si unene wa mgongo peke yake. Ubapa unaweza kuwa mnene mgongoni na bado ukakata vizuri, mradi umechongwa ukashuka polepole mpaka karibu na makali uwe mwembamba. Visu vingi vya bei rahisi vimeachwa na unene uleule mpaka milimita chache za mwisho, ndipo vikachongwa ghafla. Sababu ni ya kifedha. Kuchonga ubapa mpaka uwe mwembamba kunakula muda wa mashine na mikanda ya msasa. Ubapa mwembamba hupinda kirahisi wakati wa matiko, na fundi asiye makini akiushika vibaya kwenye mashine atauunguza. Kuuacha mnene kunaficha uzembe wote huo, na juu yake kuna zawadi: mnunuzi akikiinua kisu kizito husema hiki ni imara. Uzito unauza.

Kisu kinachonisaidia kila mara kueleza hoja hii ni Opinel. Joseph Opinel alikitengeneza mwaka 1890 katika milima ya Savoie, Ufaransa, kwa ajili ya wakulima wa huko, na kwa kiasi kikubwa kimebaki vilevile: mpini wa mbao uliochongwa mviringo na kukatwa mfuo, ubapa mwembamba, pini moja, pete. Ukubwa hutajwa kwa namba. Zilianza kutoka 1 hadi 12, baadaye namba 1 na 11 zikaachwa. Namba 8, ambayo ndiyo ya kila mtu, ina ubapa wa sentimita 8.5 na unene usiofika milimita 2, na unapatikana wa kaboni au wa stenlesi ya 12C27. Huko kwao hununuliwa kwa chini ya euro 20. Sijaona kisu kipya kingine kinachokata chakula vizuri kuliko hiki kwa bei hiyo. Kina kasoro zake pia: mbao hunywa maji na kuvimba, ubapa ukang'ang'ania ndani, na si kisu cha kubandulia wala kuchokonolea, kwa sababu ncha nyembamba hukatika.

Kipo kingine cha ukoo huo ambacho wengi hawajakisikia. Douk-Douk hutengenezwa mjini Thiers, mji wa wafua visu wa Ufaransa, tangu mwaka 1929. Mpini wake ni bati moja la chuma lililokunjwa mara mbili, hauna mbao wala plastiki. Ubapa ni wa kaboni, springi yake ni ngumu kiasi cha kuumiza kucha. Hakina loki. Kilikusudiwa visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kikapata wanunuzi wengi Algeria. Ni kisu cha mtu asiyetaka kukihudumia zaidi ya kukipangusa.

Nimetaja loki, na hapa ndipo vidole vinapohusika. Kisu cha kukunja kina uwezo wa kumgeukia mwenyewe kwa namna ambayo kisu cha jikoni hakina. Visu vingi vya zamani, pamoja na vile vyekundu vya Uswisi vyenye mpini wa milimita 91, havina loki yoyote. Kuna springi mgongoni mwa mpini inayokandamiza shina la ubapa, pale palipochongwa bapa, ili ubapa usimame wazi au ukae umefungwa. Ukisukuma kwa nguvu upande wa mgongo, utajikunja. Kwa kukata kwa kuvuta kuja kwako hakuna hatari, kwa sababu nguvu inaufungua ubapa zaidi. Hatari iko kwenye kuchoma kwa ncha na kutoboa. Mwenye kazi za kutoboa ngozi, magunia au mipira ya maji anunue kisu chenye loki. Asiye na kazi hizo ataishi vizuri bila hiyo, na fedha yake itakwenda kwenye ubapa.

Loki zenyewe si sawa kwa mtengenezaji wa bei nafuu. Iliyoenea zaidi leo ni ile ya bati jembamba ndani ya mpini ambalo hujipinda na kuegemea nyuma ya shina la ubapa kisu kikifunguka. Mmarekani Michael Walker aliiboresha mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka ikafikia umbo tunalolijua, na kwenye mikono makini ni loki nzuri. Lakini inadai usahihi mkubwa: bati na shina vikutane kwa pembe sahihi, bati lifike pale panapostahili, na libaki hapo kisu kikitikiswa. Kwenye nakala za bei ya kutupa, bati hugusa ncha tu ya shina na huteleza likibanwa. Loki mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa na loki, maana asiye nayo anajua hana.

Zipo loki zisizodai usahihi mwingi, na hizo ndizo za kutafuta kwenye bajeti ndogo. Ile ya springi nzima mgongoni yenye jino linaloingia kwenye pengo la shina, unayoibonyeza kwa dole gumba kuifungua, imejaribiwa kwa vizazi. Pete ya Opinel, iliyobuniwa na Marcel Opinel mwaka 1955, ni rahisi zaidi: mrija mfupi wa chuma wenye ufa, ukiuzungusha ufa unahama na ubapa hauna njia ya kurudi. Hakuna springi ya kuchoka.

Na ipo Okapi, ambayo kwa Mwafrika wa mashariki ina historia ya karibu kuliko hizo za Ulaya. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, wakati ambapo Tanzania Bara ya leo, Rwanda na Burundi zilikuwa chini yao. Mnyama aliyewapa jina, okapi wa msitu wa Ituri huko Kongo, alikuwa ametambuliwa rasmi na wanasayansi wa Ulaya mwaka mmoja tu kabla. Tangu 1988 kisu hicho hutengenezwa Afrika Kusini. Utakijua kwa nyota na mwezi za bati zilizopachikwa kwenye mpini wa mbao, na kwa pete ndogo mgongoni. Shina lake lina meno kadhaa. Ukikifungua, springi hudondokea jino moja baada ya jingine kwa sauti ambayo chumba kizima kitaisikia, na kukifunga lazima uivute pete.

Okapi ni kisu kikorofi. Mbao huja na kingo zinazokwaruza kiganja, makali ya kiwandani ni ya kubahatisha, ubapa huwa unacheza kidogo kulia na kushoto. Pamoja na hayo, chuma chake ni cha kaboni kinachonoleka vizuri, loki yake inashika, na kwa bei ni miongoni mwa vya chini kabisa sokoni. Anayekinunua ahesabu pia kipande cha msasa na nusu saa ya kazi: laini mpini, noa upya, dondoshea mafuta ya cherehani kwenye pini. Jambo moja la kuzingatia ni jina lake baya. Afrika Kusini na Jamaika watu wamekihusisha na wahuni kwa muda mrefu, ingawa wakulima wa Afrika Kusini nao wamekitumia kukatia mazao kwa miongo. Kukifungua kwa mlio wake ule mbele ya watu wasiokujua si busara.

Kuhusu bandia nitasema machache. Kisu chekundu chenye msalaba mweupe hakithibitishi kuwa cha Uswisi. Kile halisi kina jina la kampuni limechapwa kwenye shina la ubapa mkubwa, na kila kifaa ndani yake hufunguka kwa nguvu iliyo karibu sawa na kufunga kwa mlio mkavu. Katika bandia, kifungua-kopo hulegea, mkasi hauna springi ya kueleweka, na kati ya bapa unaona mwanga. Mawimbi ya Dameski kwenye kisu cha bei ya chakula cha mchana ni mchoro wa tindikali au mashine. Mara nyingi ukiusugua kwa msasa mwembamba unakwenda zake. Nakala za China zenye jina lao wenyewe, hasa kutoka mji wa Yangjiang katika jimbo la Guangdong ambao kazi yake kubwa ni visu, naziheshimu zaidi kuliko zile zinazojibandika jina la mwingine. Anayeweka jina lake ana cha kupoteza.

Ukishachagua, usilipe bado. Kifungue polepole, usikifyatue, ukisikiliza kama kuna mchanga au mkwaruzo kwenye pini. Kikiwa wazi, shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa ubapa kwa mwingine, uutikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo sana kunavumilika kwenye kisu cha skrubu, kwa kuwa skrubu itakazwa. Kwenye kisu cha ribiti hakurekebishiki kirahisi. Kama kina loki, toa vidole vyote kwenye njia ya ubapa, kisha gonga mgongo wa ubapa taratibu kwenye ukingo wa meza mara mbili tatu. Loki ikiachia, rudisha kisu. Kifunge, utazame kwa juu: ubapa ukae katikati, usiguse ukuta wa mpini, na ncha izame kabisa ndani. Ncha inayochungulia itatoboa mfuko, kisha itakutoboa wewe. Mwisho elekeza makali kwenye taa au jua. Makali yaliyo sawa hayaonekani. Popote utakapoona uzi au nukta ya mwanga pana butu au pengo. Butu lisikukatishe tamaa, lakini pengo kubwa kwenye kisu kipya ni dalili kwamba chuma kimepikwa vibaya.

Meno ya msumeno yaache, hata kama muuzaji atakuonyesha yanavyokata kamba ya katani kwa mkupuo mmoja. Yanakata kweli, lakini yakishakwisha makali hayanoleki kwa kinoo bapa, na kwenye kisu cha bei rahisi yatakwisha mapema.

Kunoa ni nusu ya ununuzi, kwa hiyo kinoo kihesabiwe ndani ya bajeti. Kama fedha haitoshi, geuza kikombe cha kauri: duara la chini lisilong'aa linanoa vizuri kabisa ukilimwagia maji. Pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande inatosha, na ili uione, chukua kona ya karatasi yenye nyuzi 90, ikunje mara moja upate 45, ikunje tena upate 22.5. Laza kisu kwa pembe hiyo, usukume kama unayeparua ngozi nyembamba juu ya jiwe. Usihamie upande wa pili mpaka uhisi, ukipitisha dole gumba kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, kijiukingo cha chuma kimeota upande ule mwingine kwa urefu wote. Wengi huacha kabla ya hapo, wakasema chuma ni kibaya. Kisha fanya upande wa pili, malizia kwa mipitisho myepesi ya kubadilishana, na uuparaze ubapa kwenye mkanda wa ngozi kwa kurudisha nyuma.

Mnoa visu wa mtaani mwenye jiwe la kuzungusha kwa pedali ni mtu wa msaada kwa mapanga na visu vya jikoni. Kwa kisu chembamba cha mfukoni mwombe aende taratibu na alowanishe mara kwa mara. Yule wa mashine ya umeme isiyo na maji muepuke. Joto la mwisho la matiko kwa visu vingi vya aina hii huwa karibu na nyuzi 200 za Selsiasi, na makali membamba hufika hapo kwa sekunde chache. Ukiona rangi ya bluu imetokea, chuma kimeshapita nyuzi 300 hivi, na pale palipogeuka rangi hapana ugumu tena. Hakuna kinoo kitakachourudisha. Ni kusaga mpaka kuivuka sehemu ile.

Kuhusu sheria, kisu cha mfukoni ni kifaa mpaka siku askari aone vinginevyo, na kinachotazamwa zaidi ni mahali na nia. Mkutano wa hadhara, mahakama, benki na uwanja wa mpira si mahali pake. Kwenye ndege kiweke kwenye mzigo unaokwenda chini, la sivyo utakiacha langoni. Walioko Uingereza wana kipimo cha wazi zaidi: sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba hadharani, bila kuulizwa sababu, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na mahakama zimeshaamua kwamba kisu chenye loki hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Kwa hesabu hiyo Opinel namba 8 inaanguka mara mbili, kwa urefu na kwa pete yake, na kile chekundu cha Uswisi chenye mpini wa milimita 91 kinapita, maana makali yake ni mafupi kuliko mpini.

Mwisho kuna mtumba, ambako mwenye hela ya mawazo anaweza kupata kisu cha daraja ambalo dukani asingeligusa. Kutu ya juujuu na mpini uliochakaa visikutishe. Tazama umbo: ubapa uliokwisha kwa kunolewa huwa mwembamba kwa upana, tumbo lake limeingia ndani, na ncha yake inachungulia kisu kikifungwa. Hicho kimeshafanya kazi yake, kiache. Tazama mashimo ya kutu karibu na pini, kwa sababu ndiko maji hukaa, na sikiliza springi kama bado ina nguvu. Na ukikuta Opinel ambayo ubapa umekwama ndani na mchuuzi anasema imeharibika, usimsahihishe. Mbao imevimba tu. Watu wa Savoie hugonga kisigino cha mpini kwenye meza, ubapa ukatoka kiasi cha kushikika kwa kucha, kisha hukiacha kisu kikauke mahali penye hewa. Mwache kwanza akutajie bei ya kisu kibovu.